Niliyewaambia Kuchanja ni Kuchanja

Tabora Mjini,
baada ya mavuno ya tumbaku

Kwa dada yangu Zuhura, huko Ujiji,

Shikamoo dada. Shikamoo ya pili mfikishie mama, umwambie mwanawe anakula, analala, na suruali bado zinamkaa. Je, goti lake limetulia? Na pacha wako, wameanza kucheka au bado wanakunja uso kama makarani?

Barua yako nimeipata. Umeuliza mambo mawili: lini mje kwenye harusi yangu, na kama si vibaya bibi akiwachanja chale pacha kwa ajili ya kinga. Majibu yote mawili yametoka mahali pamoja, napo ni pabaya. Nivumilie nifike kwa mwendo wangu, maana ukinikimbiza nitadanganya.

Kazi yangu unaijua. Naendesha gari la chanjo ya ndui, nachemsha sindano, nafasiri, na nachekesha watoto wasilie. Kutoka Urambo hadi Ziba hakuna kijiji kisichonijua. Shule niliiacha darasa la nne, lakini huku wananiita Daktari, nami sijawahi kumsahihisha mtu.

Bosi wangu ni muuguzi, Bibi Agnesi, mtu wa Moshi, mkali kama spiriti. Alinieleza mambo ya chanjo tukiwa njiani, nami nikaelewa kuliko walioenda sekondari. Sindano yetu haina bomba, ina meno mawili tu. Unaichovya kwenye dawa, unadonoa bega harakaharaka, basi. Dawa yenyewe si ndui, ni binamu yake mnyonge. Akiingia mwilini, mgambo wa damu wanamkamata na kuikariri sura yake. Siku ndui mwenyewe akija, wanamjua ukoo wake, wanampiga mlangoni. Na kila ugonjwa una chanjo yake, kwa sababu mgambo aliyefundishwa sura ya Juma hawezi kumkamata Ali.

Yote haya niliyajua, dada. Ila siku ilipotakiwa niyaseme, sikuyasema.

Ilikuwa kwenye kijiji kipya cha ujamaa, kando ya ile njia ya zamani ya misafara. Ndipo alipokuwa akikaa mchumba wangu Tatu na baba yake, Mzee Mihayo. Watu walikuwa wamehamishiwa pale majuzi tu, bado wana hasira na serikali. Walikaa wamejifunika mashuka, mikono ndani. Bibi Agnesi akaeleza kwa Kiswahili mpaka koo likamkauka. Hakuna aliyeinuka.

Nikasimama mimi na Kinyamwezi changu cha stesheni. Neno la chanjo nikalikosa. Nikashika lililokuwa karibu, lile la chale za mganga wa kienyeji.

"Mnaogopa nini?" nikawaambia. "Hamjawahi kuchanjwa chale nyie? Kuchanja ni kuchanja. Ya mganga wenu na hii ya serikali ni mtu na ndugu yake."

Wakacheka, wakapanga mstari mrefu kuliko wa sukari. Bibi Agnesi akaniuliza nimewaambia nini. Nikamjibu nimefupisha tu maneno yake.

Tatu alikuwa jikoni akitupikia. Alipokuja kupanga mstari nilimrudisha, nikamwambia mke wa Daktari hasukumani na watu, nitamchanja mwenyewe mwishoni. Mwishoni dawa ikaisha. Bibi Agnesi akawaahidi waliobaki kwamba tutarudi, tukawasha gari.

Mwezi ukapita hatujarudi, petroli haipo. Waliobaki wakaona aibu kukaa bila alama begani. Wakakumbuka maneno ya Daktari, wakaenda kwa mganga wao. Akawachanja wote kwa wembe mmoja, akiufuta kwa jani baada ya kila mtu. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja aliyewahi kuugua macho ya njano. Tatu alipanga mstari akifurahi, maana ni mimi niliyesema ni kitu kimoja.

Baada ya miezi mitatu hivi nilikwenda kumwona nikiwa na khanga mpya. Macho yake yalikuwa ya njano. Unajua nilifanya nini, dada? Nilicheka. Nikamwambia ameanza kujisinga manjano kabla ya siku ya harusi, angalau angenisubiri. Akacheka pia, mkono tumboni. Mkojo wake ulikuwa kama chai ya rangi na chakula hakikai, ila hilo alimwambia Bibi Agnesi, niliyekuwa nimeongozana naye, mimi hakuniambia. Mimi nilikuwa mtu wa kuambiwa vichekesho.

Bibi Agnesi akazitazama zile chale begani, kisha akanitazama mimi. Alisema ini lake limeingiliwa kwa njia ya damu, ugonjwa umepanda wembe kutoka kwa mtu hadi mtu. Nikamwomba, basi mpe chanjo ya huo.

"Haipo," akasema. "Labda wajukuu zako wataikuta."

Wengine waliougua walipona. Tatu alianza kuropoka, akatusahau majina, akalala siku mbili bila kuamka. Tulimzika siku ya Ijumaa. Hilo ndilo jibu la harusi.

Baada ya arobaini tulirudi na dawa ya ndui. Bibi Agnesi akaniambia leo nifasiri neno kwa neno. Nikasimama mbele ya watu walewale, nikasema kwamba chale si chanjo, wembe ule ndio uliowapa ugonjwa wa ini, na neno lile niliwapa mimi kwa sababu sikulijua lililo sahihi na niliona aibu kuuliza. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Hakuna aliyeinua mkono. Mzee Mihayo, aliyekaa mbele kabisa, ndiye aliyesema.

"Rudia, mwanangu. Wa nyuma hawajasikia."

Nikarudia. Akaniambia niongeze sauti. Nikarudia mara ya tatu. Kisha watu wakainuka mmoja mmoja, wakarudi majumbani na mabega yao. Uongo wangu ulipanga mstari, ukweli wangu ukautawanya, na ndui bado inatembea.

Dada, pacha wasichanjwe chale. Bibi wa huko nyumbani akikasirika, mwambie ni mimi niliyekataa. Akishikilia sana, basi kila mtoto na wembe wake mpya, ukitumika utupwe chooni. Na wapeleke zahanati, uulize hiyo sindano ni ya ugonjwa gani. Uliza hata wakikuona mshamba.

Nisalimie shemeji, baba wa pacha, na mjomba Athumani fundi viatu. Mama usimsomee barua hii yote. Mwambie tu mkwe wake amefariki kwa ini.

Siku ile ya kurudia maneno tulikaa pale kijijini mpaka saa kumi, dawa inapata joto. Tulipoanza kufunga sanduku akaja Mzee Mihayo peke yake, amemshika mkono Kabula, mdogo wake Tatu. Akamwambia Bibi Agnesi amchanje. Nikafungua mdomo nimchekeshe mtoto asilie, kama kazi yangu ilivyo.

"Wewe shika chupa," mzee akaniambia. "Usiseme neno."

Nikashika chupa. Mtoto akalia mpaka mwisho.

Ni mimi mdogo wako,
Sefu