Mbuzi Nyekundu ya Mama wa Capitaine

Baraka, tarehe 7 mwezi wa tatu 2023

Tania ni capitaine! Élie, dada yako ni capitaine wa équipe ya mupira ya mabinti, na kile kitambaa cha capitaine cha kufunga ku mukono nilikishona mi mwenyewe.

Sasa nikusalimie, mutoto wangu. Uko muzima? Vumbi ya machimbo iliacha kukuumiza kifua? Huku tuko bazima, ndagala za ziwa zinapatikana.

Entraîneur Anatole, ule anabafundisha mupira, alipita hapa, akanieleza desturi yao: équipe ingine ikija kucheza Baraka, mama wa capitaine njo anawalisha. Bamama bengine bangekimbia. Mi nikasema bakuje. Mabinti ba Fizi balikula mpaka kulamba vidole, na barabara yote ikajua nani alizaa capitaine. Nilichinja moja ya zile mbuzi tano zenye uliacha kwangu juu ya mahari ya Immaculée. Usisumbuke. Ine ziko, hata ile nyekundu yenye Immaculée anapenda, na mbuzi zinazaa.

Isidore wa pikipiki anakuletea hii barua na kifuko cha ndagala.

Ni mi mama yako, mama wa capitaine

Lulimba, tarehe 2 mwezi wa ine

Mama, salamu. Kifua ni vile vile. Aksanti kwa ndagala, na umupongeze Tania.

Lakini baba ya Immaculée alisema mbuzi tano, na anangoja mpaka mwezi wa saba, hapana zaidi. Huku shimo letu liliingia maji, tunachota maji kuliko muchanga wa zahabu. Ile moja nitaitafuta. Zile ine usiziguse.

Mutoto wako Élie

Baraka, tarehe 14 mwezi wa tano

Élie wangu, salamu nyingi kama mvua. Umekula? Umelala vizuri?

Barua yako niliisoma. Lakini mabinti ba Uvira balikuja bamejaa camion nzima, na président wa équipe yao amevaa koti. Ningemuwekea sombe tupu, majani ya muhogo bila nyama? Nilichinja mbili. Tania akabatia magoli mbili, kila mbuzi na goli yake, njo vile tulicheka hapa.

Immaculée alikuja kunisaidia kukata nyama, mutoto wa adabu sana. Akaona ngozi, akaniuliza, "Mama Élie, hii si ile nyekundu?" Nikasema njo ile. Akaendelea kukata. Anakata vizuri, vipande sawasawa.

Mama yako, mama wa capitaine

Lulimba, tarehe 28 mwezi wa tano

Mama, uko muzima? Zimebakia ngapi?

Élie wako

Lulimba, tarehe 25 mwezi wa sita

Mama, Isidore amerudi mara mbili bila barua. Nilipata pesa ya mbuzi moja. Niambie tu zimebakia ngapi.

Mutoto wako

Baraka, tarehe 9 mwezi wa saba

Élie, salamu. Tuko bazima. Tania alivimba goti, limeshuka.

Imebakia moja. Mabinti ba Kazimia nao balikuja.

Siku ya ine, Alhamisi, nilivaa kitenge cha kanisa, nikaifunga hiyo moja kamba, nikaipeleka kwa baba ya Immaculée, nimuombe angoje mpaka mvua irudi. Alinipa kiti. Aliuliza habari za Tania, anasema yule binti anajua mupira. Kiisha akasema polepole, "Mama Élie, batu ba Mboko balileta zao za mahari wiki jana. Zote tano." Nikaziona nyuma ya nyumba, zinakula maganda ya muhogo. Ni mbuzi nzuri. Nikarudi na yangu. Njiani batoto banaita, mama wa capitaine, mama wa capitaine, nikabaitikia.

Leo mama ya Immaculée alifika hapa. Ameniomba nisimamie nyungu za nyama siku ya ndoa ya Immaculée na ule wa Mboko, juu mu Baraka yote hakuna mama anajua kulisha bageni kama mi. Ni kweli. Nikakubali. Ile moja nitaenda nayo, mukono mutupu si heshima.

Pesa yenye ulipata, ununue dawa ya kifua.

Mama yako

Immaculée mwenyewe amesema nikuandikie ukuje. Bageni bote banangojewa siku ya posho, Jumamosi tarehe 22.