Nyuki Waliokufa Chawia

Chawia, 9 Machi 1956

Mdogo wangu Mwandawiro,

Sote hapa nyumbani hatujambo, na maharage yamezaa vizuri.

Umeandika kwamba ukirudi kutoka Voi utamwapisha jirani yetu Mwakisha kiapo cha jadi mbele ya wazee, kwa kuwa aliwaroga nyuki wako wakafa. Usimwapishe. Maharage yalipokuwa katika maua niliyanyunyizia DDT, ile dawa mpya ya wadudu. Jana bwana shamba alitusomea gazetini kwamba wataalamu wanabishana kama dawa hiyo huua nyuki. Mimi nilikwisha kujua. Niliwaokota nyuki wako chini ya maua asubuhi ileile, nikawafukia.

Tangu watu waanze kumshuku, Mwakisha hupita njia ya juu ili asikutane na watu, nami niliyekufundisha kusema kweli nimenyamaza. Ukija, niapishe mimi.

Kaka yako,
Obadiah