Saa ya Kuachana

Fatu, mke mwenzangu,

Nakusalimu, ingawa sijui huko uliko salamu mnaitikiaje. Mimi nipo. Magoti yanauma, macho yanaona nusu, ila mdomo mzima, unanijua. Anayeandika ni Zaituni, mwanao, maana mimi kalamu sijawahi kuishika. Nimemwambia aandike kila ninachosema, asipunguze. Anaguna. Mwanao anaguna kama wewe.

Tangu umeondoka nimechoka. Si uchovu wa kulima, ule ukilala unaisha. Huu naamka nao. Maji ya ndoo moja sasa yananikaa siku mbili. Mikorosho imepuliziwa salfa, ufuta tumevuna, haukuwa mwingi, haukuwa haba. Yule kuku wako mweusi mgomvi amehamia kitandani kwako, anataga humo humo. Namfukuza, anarudi, ananiangalia kama mwenye nyumba.

Sasa nikupe habari. Pale uwanja wa ndege wetu wa Nachingwea walikuja watu wa kuruka. Wametoka Dar, wametoka Arusha, na Wazungu wamo. Wanapanda ndege, ikifika juu kabisa wanajitupa nje, mgongoni wamebeba miavuli. Usicheke. Kabla hawajafungua hiyo miavuli wanafuatana huko huko hewani mpaka wanashikana mikono, wanakuwa duara moja kubwa kama ua lililochanua. Walikuwa watu arobaini. Zaituni aliponitajia hesabu hiyo nikasema arobaini tena, wakati yako haijanitoka rohoni.

Walikaa tangu Ijumaa mpaka Jumapili, wanafundishwa na kochi wao, mtu mzima mwenye mvi, anasema Kizungu halafu anarudia Kiswahili. Wanawake wa mtaani tukapata kazi ya kuwapikia. Mimi nikaitwa kwa ajili ya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini. Unakumbuka ulivyokuwa unanisema, "Mwanahawa anachemsha ming'oko kama ya wafungwa." Basi wafungwa wako wamekula, wakaomba nyongeza.

Nilidhani watu hao watashinda juu. Kumbe siku nzima wako chini. Wanatembea kwenye majani wameinama, mikono mbele, wenye nguo nyekundu wanatoka huku, wa bluu kule, wanasogeleana polepole mpaka washikane. Kochi akipiga makofi, wanaanza upya. Nikasema hii ngoma mbona kama naijua, ila haina mpigaji. Ungekuwepo wewe ungeingia katikati ukawavurugia.

Jumamosi nimekaa na sufuria langu la mbaazi, nikamsikia kochi anawaambia wawili, mtu na mkewe, pete nimeziona kwa macho yangu haya mabovu: "Nyinyi mtaachana wa kwanza. Msisubiriane." Mbele za watu. Na wenyewe wanaitikia kwa kichwa kama watoto wa madrasa. Damu ikanipanda. Nikaenda na mwiko mkononi. Nikamwambia, baba, hapa kwetu mtu na mkewe wakigombana wanaitiwa wazee, wanakalishwa. Huwaachanishi watu majanini mchana kweupe.

Wakaanguka kwa kicheko uwanja mzima. Yule mwanamke akanikumbatia na jasho lake, akasema asante bibi, umenitetea, huyu mume bado namtaka.

Wewe unajua kwa nini neno lile lilinichoma. Alipokufa mume wetu walikuja watu kuuliza, sasa nyinyi wawili mnaachana lini, Fatu arudi kwao Chinongwe, Mwanahawa arudi kwao Nandagala. Ukawajibu pale pale jamvini: "Aliyetuoa kafa. Talaka atatoa nani?" Wakaondoka wanatikisa vichwa. Tukakaa miaka yote ile, wanawake wawili, uani pamoja. Tuligombana pia, Zaituni andika na hilo. Ulinimwagia maji ya vyombo. Na mimi mfungo mmoja mzima nilikunyima sauti, futari tunakula sahani moja lakini kukusemesha sikusemeshi.

Basi, kochi. Alinifuata jikoni, akachuchumaa, akanishika mikono yote miwili. Akasema: "Bibi, kushikana tunajifunza, lakini kazi ni kuachana. Ardhi inakuja. Kila mtu lazima aachie, aende mbali na mwenzie, ndo afungue mwavuli. Wakifungua wameshikana, kamba zinasokotana, wanakufa wote. Anayeng'ang'ania si kwamba anampenda mwenzie. Anaogopa."

Nikamwambia niachie mikono, mbaazi zinaungua. Ziliungua kweli. Wakala hivyo hivyo.

Sasa nitasema jambo sijamwambia mtu. Siku ile wodini, baada ya alasiri, nilikuwa nimekushika mkono. Ukasema, "Niachie, Mwanahawa, unaniumiza." Nikasema sikuachii. Ukaniangalia, ukasema, "Basi baki nao." Hukusema kingine tena. Mkono nikabaki nao kweli, mpaka muuguzi akaja kunibandua kidole kimoja kimoja. Neno lako la mwisho ulikuwa unaniomba kitu, na mimi nikakunyima.

Zaituni ameacha kuandika. Andika, mwanangu.

Na sanduku lako lipo chini ya kitanda changu. Ndugu zako wa Chinongwe wamekuja mara mbili tangu arobaini, wanataka nguo zako zigawiwe, maana nguo za marehemu zikikaa sandukuni msiba unakuwa haujafungwa. Mara ya kwanza nilisema ufunguo umepotea. Mara ya pili nilisema naumwa. Dada yako mkubwa aliondoka bila kunywa hata maji, akamwambia Zaituni, wewe na huyo mama yako mkubwa mnaficha nini. Mtoto akatukanwa kwa ajili yangu, hakunisema. Ufunguo haukupotea, Zaituni. Umefungwa kwenye pindo la kanga niliyovaa, tangu siku ile.

Jumapili wakaruka. Ndege mbili zikapanda pamoja, zikawa ndogo, kwangu zikapotea kabisa. Zaituni alikuja kuwa macho yangu. Ananiambia mama mkubwa, wametoka. Wanakutana. Wekundu wameshikana. Bluu wanaingia. Na mimi nikaona, Fatu, wallahi niliona, kitu kama ungo mdogo umesimama hewani. Zaituni akasema mmoja amechelewa, yuko pembeni, haingii. Kumbe ndo walivyofundishwa, ukichelewa usiparamie wenzio, kaa pembeni utulie. Halafu akasema, wanaachana.

Nikauona ule ungo ukimwagika. Walitawanyika kama ufuta uliomponyoka mtu. Wa nje kwanza, halafu wengine, kila mmoja anakimbia upande wake, kisha miavuli ikafunguka, mmoja, mwingine, mwingine, mbingu ikajaa rangi.

Zaituni akasema, "Mama mkubwa, unaniumiza."

Nikatazama chini. Nilikuwa nimemkamata mkono mpaka kucha zimeingia. Na sauti ile, Fatu. Ni yako, haijapungua kitu.

Nikamwachia.

Ua lao halikutimia, wa kuchelewa alilipunguza. Nikangoja kochi agombe. Hakugomba. Alisimama juani anahesabu watu wanavyotua, mpaka wa mwisho, yule yule wa pembeni, ndipo akaomba maji ya kunywa. Akapita kwangu akasema ua watalipata siku nyingine, leo wote wameshuka. Nikampa na korosho za kukaanga afunge kwenye leso.

Basi nimekuita nikuambie haya. Alhamisi mimi na Zaituni tunapanda gari tunakwenda Chinongwe na sanduku. Nitampa dada yako ufunguo mkononi, na nitamwambia niliongopa, anitukane mimi, si mtoto. Nguo watagawana wenyewe. Humo ndani kipo kipande chako cha ile kanga aliyonunua mume wetu, doti moja kwa wake wawili, akatukatia katikati, tukamcheka wiki nzima kwa ubahili. Nilitaka kukitoa nikifiche, nikae na doti kamili. Sikukitoa. Chako kitakwenda kwenu, changu nitabaki nacho. Watu walituuliza sana tutaachana lini. Waambie huko kwamba ile doti ndo imeachana, sisi bado talaka hatuna.

Kuku namwachia kitanda. Nakuahidi na hili: mwanao sitamkamata kama nilivyokukamata wewe. Akipata mahali pa kwenda, ataenda.

Mkono wako huu, Fatu. Nimechelewa, lakini nimeuachia. Nenda salama.

Mimi,
Mwanahawa, mkubwa wako