Tawi la Kaloleni

Akinyi,

Sitakuuliza hali. Ungenicheka: "Wambo, huku niliko kuna hali gani ya kuulizwa?" Basi naanza na habari, maana ndizo ulizopenda. Laptopu yako iko mezani palepale dirishani. Wale vijana wa duka la vifaa vya ujenzi hapo chini bado wanakata mabati tangu asubuhi, na bado naamini wanafanya makusudi. Kiti chako hakikaliwi. Kevo alikikalia siku moja kwa kusahau, akashtuka akasimama, na hakuna aliyemtania.

Ulienda hospitali kwa miguu yako mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma. Ulikohoa, ukajifunga skafu, ukasema, "Usiguse mashine yangu, kazi haijaiva. Narudi." Nami nikakujibu bila hata kuinua macho, "Sawa, nenda upone." Basi. Ndiyo maneno tuliyoagana nayo, watu wawili ambao tulikuwa tunaweza kubishana mchana kutwa kuhusu jina la faili. Kifua kikakulaza, halafu kikakuchukua, na tukajikuta kwenye basi la kwenda Siaya tukiimba nyimbo ambazo wewe ungeziimba vizuri kutushinda sote.

Niliporudi Umoja nilitii neno lako. Sikugusa. Niliiwasha mara moja tu, kuona kama bado ina uhai, nikakuta kila kitu jinsi ulivyokiacha: faili tatu au nne zimefunguliwa, mshale umesimama katikati ya mstari, na pale chini jina la tawi, ile nakala ya kando ya programu uliyokuwa ukifanyia kazi, *kaloleni*. Nikafunga. Nikaweka kitambaa juu yake kama watu wanavyofunika televisheni ya sebuleni.

Ningeendelea kuifunika, Akinyi, nakwambia ukweli. Lakini zamu za maji zikabadilishwa.

Unajua kazi yetu, ila siku hizi nimezoea kuieleza kwa wageni wanaokuja kutoa pole, kwa hivyo nivumilie. Tunawatumia watu wa Eastlands ujumbe wa simu kuwaambia siku ambayo mfereji wao utatoa maji, ili mama wa Kayole asikose kibarua akilinda mitungi mitupu. Sasa wenye maji wakapanga zamu upya, na programu yetu ikaendelea kuhesabu kwa mpango wa zamani. Tukawa tunadanganya mtaa mzima kwa adabu kubwa. "Mpendwa mteja, maji yatafika kesho." Kesho ikafika bila tone. Siku ambayo hatukuwaambia chochote, maji yakaja, yakamwagika, yakaenda zake. Simu zilizoingia hapa ofisini sitakuandikia, nyingine zilikuwa na matusi yenye ufundi.

Marekebisho yenyewe nilikuwa nayo kwenye mashine yangu. Shida ilikuwa kuyapeleka kwenye seva, kwa sababu funguo za seva ziko kwenye mashine yako peke yake. Mimi na wewe tulisema tutalishughulikia hilo wiki ijayo, na wiki ijayo yetu unaijua. Niliwapigia wale tunaokodi seva kwao. Kijana mmoja mwenye sauti tamu akaniambia hakuna tabu, mwenye akaunti athibitishe tu kwa simu. Nikamwambia mwenye akaunti amezikwa Siaya. Akasema, "Pole sana, madam. Akipatikana atupigie."

Nilicheka hadi nikalia. Ungekuwepo ungeniigizia sauti yake mwezi mzima.

Hata hapo nilikuwa natafuta njia ya kuikwepa mashine yako. Kilichonitoa kitini ni mama yako. Alipiga simu asubuhi, akanisalimia vizuri, akauliza hali ya mama yangu na mafua yake, ndipo akasema, "Wambui, samahani kukusumbua. Siku hizi maji yanakuja lini? Jirani ananiambia yalikuja jana, nami nilikuwa ndani nimekaa."

Nikamwuliza kama hapati ujumbe wetu. Akasema simu inalia, ila macho yale unayajua. Tangu presha ya macho ilipomwachisha cherehani, herufi za simu anaziona kama vumbi. "Akinyi ndiye alikuwa ananipigia," akasema. "Kila zamu."

Kila zamu! Nami nilidhani ukitoka nje kwenda kwenye ngazi unapiga simu za mpenzi.

Basi nikatoa kile kitambaa. Nikakaa kwenye kiti chako, samahani, mezani hakuna kiti kingine kinachotosha. Nikaiamuru mashine ihame kutoka tawi la *kaloleni* irudi kwenye shina, ile programu yenyewe inayotumika, ili niweke marekebisho na kuyapeleka. Ikakataa. Ikasema kuna mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa, na nikihama yatafutika. Niyahifadhi kwanza, au niyaweke kando.

Nilijua itasema hivyo. Nilikaa naisoma kama mtu anayesoma tanzia ya mtu wake.

Kwa sababu yale mabadiliko ndiyo yaliyobaki. Kila kitu kingine chako kimeshagawanywa. Nguo zimeenda, simu yako anayo mdogo wako, kile kikombe chenye ufa nimeficha mimi. Lakini hiyo mistari ya mwisho hukuwahi kuihifadhi popote. Wewe na sheria yako ya ukaidi! Mimi nahifadhi kila dakika, naruka tawi hadi tawi, asubuhi nina matawi matatu na jioni sijui niko wapi. Wewe ulikuwa unakaa kwenye tawi moja mpaka liishe, na huhifadhi kitu ambacho unaona hakijaiva. Nilikugombeza kwa hilo mara ngapi? Ulikuwa unanijibu, "Siwezi kuandika jina langu kwenye ugali mbichi."

Kevo alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Wambo, lazimisha tu ihame. Si ni mistari kidogo hivi? Watu hawana maji buda." Kuhusu maji alisema kweli. Nikamgeukia na sijui alichokiona usoni mwangu, lakini alitoka kwenda kununua chai.

Nikahifadhi, Akinyi. Nilivunja sheria yako. Niliangalia kwanza orodha ya vitu ambavyo havijahifadhiwa, faili moja moja, na mwishoni nikaona folda mpya ambayo mashine ilikuwa haijawahi kuitambua. Uliipa jina *sauti*. Sikuifungua. Niliona nikiifungua sitafanya kazi tena siku hiyo. Niliingiza vyote, na mashine ikaniuliza, kama inavyouliza siku zote, niandike maelezo mafupi ya kazi iliyofanywa. Nikaandika: "Bado haijaiva. Imehifadhiwa na Wambui." Nayo, kwa kuwa ni mashine yako, ikaweka jina lako juu na tarehe ya siku hiyo chini. Akinyi amefanya kazi leo. Ningeweza kubadilisha jina. Sikubadilisha.

Ndipo nikahama. Unajua inavyokuwa, kufumba na kufumbua. Mistari yako ikatoweka kwenye kioo, ikaja ile ya shina, na folda ya *sauti* ikawa haipo. Mimi nafanya jambo hili kila siku na najua kabisa kwamba kilichohifadhiwa hakijapotea, kiko kwenye tawi lake kinasubiri. Hata hivyo nilitaka kuona. Nikarudi *kaloleni* hapohapo. Ulikuwepo, kila mstari, hata mshale ulipokuwa. Nikahama tena shinani. Nikarudi tena. Kevo alinikuta na chai yake mkononi nikienda na kurudi, akaiweka mezani na kwenda kukaa kwake.

Safari iliyofuata nilibaki shinani. Nikaweka marekebisho, nikayapeleka, na jioni ile Kayole wakapata ujumbe wa kweli.

Jumamosi nilibeba laptopu yako nikaenda Kaloleni kwa mama yako. Nyumba ni ileile, ukuta wa mawe, mfereji nje karibu na mlango. Alinipikia omena na akanilazimisha nimalize. Baadaye akaniuliza ulikuwa unafanya nini hasa ndani ya mashine hiyo, maana ulikuwa unamwambia tu, "Mama, ni kazi."

Nikamweleza kwa cherehani, kwa kuwa ndivyo wewe ulivyonieleza mimi nilipokuwa mgeni. Nguo ya mteja imetundikwa, imekamilika, hiyo ndiyo shina. Ukitaka kujaribu mkato mpya huikati nguo ya mteja. Unatafuta kitambaa cha kando, unakata humo, unaharibu, unarudia, na siku mkato ukipendeza ndipo unauhamishia kwenye nguo yenyewe. Kitambaa cha kando ndicho tawi. Na sisi huyapa matawi majina ya mahali tulipokuwa tumekaa wazo lilipotujia. Akagusa meza akasema, "Kwa hivyo hili lilimjia hapa kwangu." Nikasema ndiyo, Mama, hata jina ni Kaloleni.

Hapo ndipo nikafungua ile folda.

Ulikuwa unatengeneza namna ya programu kumpigia simu mtu asiyeweza kusoma, na kumwambia kwa mdomo. Umerekodi sauti yako mwenyewe ya majaribio. Unaanza kwa Kijaluo, ambacho mimi nilishika neno moja tu, *pi*, yaani maji, halafu unarudia kwa Kiswahili: "Mama, maji yameingia. Toa ndoo." Kisha unakohoa kidogo, na unasikika ukisema pembeni, "Aah, hii nitarudia."

Mama hakulia. Alitaka aisikie mara ya pili, akiwa ameinamisha kichwa upande wa spika. Nikamwambia kazi yako imebaki kidogo, mimi na Kevo tunaweza kuimaliza, na sauti hiyohiyo ndiyo itakayompigia. Nilikuwa najiona nimemletea zawadi.

Akakataa.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Hiyo niwekee kwenye simu, niwe naisikia nikitaka mwenyewe. Ya kuniitia maji weka ya mtu aliye hai. Nikiitwa na Akinyi nitaitika, halafu nitangoja aseme kitu kingine."

Nilijifanya natafuta waya wa chaji ndani ya mkoba mpaka macho yakakauka.

Tukaimaliza, Akinyi. Haikuwa kazi ndogo. Mawazo yako tuliyafuata kama mtu anayefuata nyayo, na palipokatika katikati ya mstari tulibishana siku nzima ulitaka kusema nini. Nadhani Kevo alishinda. Sauti ni yangu. Kijaluo alinifundisha mama yako kwenye simu, akanirudisha nyuma mpaka akaridhika, na bado anasema natamka kama mtu mwenye kiazi moto mdomoni. Tulipounganisha tawi lako na shina nilishika moyo nikitarajia mgongano wa mistari yako na ya shina, na hapakuwa na mgongano wowote. Iliingia yote.

Na hapa kuna jambo lazima nikwambie. Desturi yetu unaijua, tawi likishaunganishwa linafutwa, tusije tukazama kwenye takataka. Ni wewe uliyeileta desturi hiyo na ulikuwa mkali nayo. Kevo alifika hapo akaacha vidole juu ya vibonye, akaniangalia. Nikamwambia aache. Tawi la *kaloleni* lipo. Halina kazi tena na lipo.

Jana ilikuwa zamu ya mama. Nilitoka mapema nikaenda, nikasema napita tu, naye akajifanya ameamini. Tulikuwa tumekaa mlangoni simu yake ikalia. Akaipokea, akaiweka sikioni, na mimi nikaisikia sauti yangu ikitoka ndani yake, nyembamba, na kile kiazi changu mdomoni: Mama, maji yameingia, toa ndoo. Nilikuwa nimekaa kando yake, Akinyi. Bega langu linagusa lake.

Akasema, "Sawa, Akinyi. Nimesikia."

Akakata simu. Nikaona mkono wake umesimama juu ya goti, nikajua amelisikia jina lililomtoka. Sikumsahihisha, naye hakujisahihisha. Aliinuka akatoa ndoo, nami nikachukua mtungi mkubwa, na maji yalikuwa yanatoka kweli.

Sasa niache nikuage, maana Kevo ameanza kunitazama. Tawi lako halitafutwa nikiwa hai. Nikizidiwa nitahamia huko kidogo, nikusikie ukisema utarudia, kisha nitarudi shinani, kwa sababu huko ndiko watu wanasubiri maji. Na nikienda sitaacha kitu bila kuhifadhi. Mama nitampigia mwenyewe pia, baada ya mashine, kila zamu. Akiniita Akinyi nitaitika.

Lala, rafiki yangu. Imeiva.

Wambui wako,
Umoja