Kifaa Kimewaita Wezi, Amefukuzwa Mdogo Wangu

Karatu, 14 Agosti 2024. Huu ni mwezi wa tano tangu niondoke kwetu Piyaya.

Anti Laurencia, shikamoo. Nisaidie kabla hasira haijanipeleka pabaya. Mimi ni kibarua wa shamba la kahawa, nilinunua kile kifaa cha kuonyesha kwenye simu ng'ombe yuko wapi, nikabadilisha namba ya siri ya kiwandani, nikakituma nyumbani, mdogo wangu Senteu akamfunga nacho maksai wa kengele maana ng'ombe wote humfuata yeye, na jirani yetu Kisioki akaona ni kizuri naye akanunua. Mwezi uliopita wezi walikwenda moja kwa moja kwenye bonde ambalo Senteu peke yake alijua amelaza ng'ombe, wakaswaga wote, na baba akasema Senteu ndiye aliyewaelekeza, akamfukuza bomani.

Juzi fundi simu wa hapa mjini aliandika kwenye simu yake ile namba ya kiwandani niliyoibadilisha, na njia zote za maksai wetu zikafunguka, hadi usiku ule wezi walipokizima kifaa. Akabadilisha tarakimu ya mwisho ya namba ya kifaa, tukamwona maksai wa Kisioki malishoni. Alisema kosa limo kwenye programu waliyoiweka ndani ya kifaa kiwandani, kwa hiyo namba ile haifutiki.

Nikamrudia muuzaji, Silvanus. Akacheka. "Morani, wewe jua kuchunga. Mwizi ni ndugu yako." Na bado anaviuza mnadani. Nilitaka kumvunja meno. Baba nikimpigia anasema, "Hicho kidude hakina mdomo, Senteu anao," anakata simu.

Nifanye nini? Nategemea kurudi kahawa ikiisha, mwezi wa kumi na moja.

Lesiamon

JIBU

Lesiamon, mwezi wa kumi na moja? Mdogo wako hana pa kulala, wewe unangoja kahawa? Hasira yako ni ya haki, ila ukimvunja Silvanus meno utalala mahabusu na Senteu atabaki mwizi.

Mpigie Kisioki leo amvue maksai wake kile kifaa na kukizima, asikitupe. Kisha omba ruhusa kazini kesho, wakikunyima ondoka. Usimbembeleze mzee wako kwa maneno. Mbele ya wazee wenu washeni kifaa cha Kisioki, mfungeni nacho punda, apelekwe mahali ambapo baba yako hapajui. Mzee mwenyewe achague simu ya mtu yeyote, iandikwe namba ya kiwandani. Atamwona punda alipo, bila kuambiwa na mdomo wa mtu.

Polisi nenda na fundi wako aeleze. Mnadani simama useme wazi, walionunua wavivue.

Senteu usimrudishe wewe. Aliyemfukuza ndiye aende kumwita.