Taarifa ya Ndege Uliyoiacha Hewani

Guyo,

Mkono wangu wa kushoto bado umekakamaa, na unajua ndio ninaoandikia, kwa hiyo usianze kunicheka mwandiko. Nimefunga duka mchana kweupe. Watu wa fotokopi wamebisha mpaka wakachoka. Nimeketi kwenye kile kiti chako cha pikipiki ulichokipigilia miguu ya mbao, na ninakuandikia kwa sababu desturi ni desturi: anayetoka hewani hagusi chai kabla ya kumpa mwenzake taarifa, tangu mwanzo mpaka magurudumu yaguse, bila visingizio. Sheria hiyo uliileta wewe. Leo nimeruka peke yangu, na mtu wa kumpa taarifa bado ni wewe, kwa hiyo utanisikiliza upende usipende.

Kwanza habari za huku. Gereji yako imechukuliwa na mtu wa kuuza matairi. Ni mpole, lakini kila spana ikianguka huko nje nageuka, halafu najichukia kwa kugeuka. Mama Zainabu wa chai bado hupitisha vikombe viwili dirishani, kisha hukumbuka, akachukua kimoja bila kuniangalia. Vumbi la mtaa wetu wa Bulla Pesa ni lile lile, na kompyuta yako naifunika kwa leso kama ulivyoniagiza. Stima nayo haijabadilika hata kidogo, inapotea ipendavyo. Utaona mbele.

Kompyuta inakwenda Kinna. Kaka yako Halkano anaihitaji kwenye duka lake la dawa za mifugo, na ni haki yake, sikubishana. Alisema atakuja leo baada ya swala ya alasiri, na anataka kila kitu kiwe kimefutwa. Ndiyo maana ilibidi iwe leo. Tangu ufe sikuthubutu kuifungua ile safari yako iliyohifadhiwa humo.

Nikurudishe siku ile, kwa sababu sijawahi kukuambia ilivyokuwa upande wangu. Nilikuwa nimekwenda Meru kutafuta wino. Wewe ulikuwa hapa nyuma ya duka, ukiruka peke yako kwenye kompyuta, mlango wazi ili uwaone wateja wa pikipiki. Stima ikapotea. Ile betri ya akiba ya chini ya meza ikaanza kulia pi, pi, pi, nawe ukahifadhi safari yako kama tulivyokubaliana. Wageni walitushangaa kwa ugumu wa mchezo tuliouchagua: hakuna majina juu ya ndege za adui, hakuna kuitazama ndege yako kwa nje, na safari ikihifadhiwa ni mara moja tu. Siku ukiifungua, kumbukumbu yake inafutika. Ukianguka, umeanguka. Sisi tukaongeza ya kwetu: mteja akiita, usihifadhi, njaa ikikuuma, usihifadhi. "Stima peke yake ndiyo inasamehewa," ulisema, kwa sura ya hakimu, na mimi nikacheka mpaka nikamwaga karatasi.

Mama Zainabu anasema ulitoka ukitabasamu, ukapanda pikipiki ya mteja uliyokuwa umemaliza kuitengeneza, ili uijaribu mpaka Chechelesi kwa mama yako. Ukamwambia, "Wacha nisalimie mama. Nimeacha watu hewani, nitarudi niwashushe." Hukufika Chechelesi. Lilikuwa lori. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Nilipofika Isiolo ulikuwa umeshazikwa. Kwetu tungekuwa bado tunachagua kamati na kubishana juu ya mahema. Kwenu Waislamu jua halikutua kabla hujazikwa. Najua ndivyo inavyopaswa na kwamba ni heshima yako, lakini Guyo, nilikasirika. Nilikukasirikia wewe, kana kwamba wewe ndiwe uliyeharakisha. Niliingia kwa mama yako nikiwa bado na mfuko wa wino mkononi. Alikuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake. Akanivuta karibu. Maneno ya Mama Zainabu yalikuwa yameshamfikia.

"Kagendo, hiyo ndege nani anarudisha?"

Nikadhani ni majonzi yamemzidi, nikaanza kumweleza kwamba ni mchezo wa kompyuta. Akanikata. "Najua ni gemu, mimi si mtoto. Lakini hiyo kitu Guyo ameanza, wewe maliza. Usiache yeye huko juu." Tangu hapo, kila nikienda kumwona, kabla salamu hazijaisha ananiuliza: "Amefika?" Nami nasema bado, mama. Ananipa chai, tunakaa. Nimechoka kusema bado.

Unajua kwa nini niliogopa. Mimi ni wa vita, si wa kurudi. Kupigana ulinifundisha nikashika: rada uizime, maana ni kama tochi, unamulika mwizi naye anakuona uliko, kombora likija lipe ubavu, usilikimbie kwa mgongo, usimwache mwenzako hata kama umeona ndege nono mbele. Hayo niliyaweza mpaka ukaanza kunionea wivu. Ila kushuka juu ya meli ya kubebea ndege, sitaha ikiyumba na kukimbia mbele yako, kulinishinda. Na kilichonishinda tunakijua wote wawili. Ni huu mkono wa mafuta, wa kuongeza na kupunguza moto wa injini.

Ule wa kununua ulipovunjika uliifungia meza yangu mkono wa mafuta wa pikipiki kuukuu, pamoja na springi yake. Ulijivunia sana. Lakini sisi wote hapa tumejifunzia pikipiki, na mtu wa pikipiki gurudumu likitulia anaachia. Kwenye meli ni kinyume. Ukigusa sitaha unakaza moto wote, kwa sababu kulabu ya mkiani inaweza kukosa zile nyaya za kukusimamisha, na ikikosa unahitaji nguvu ya kupaa tena. Ukiachia unateleza mpaka mwisho wa meli na kuzama. Nimezama mara nyingi kuliko samaki. Kila nilipogusa, kiganja kilifunguka chenyewe, nawe ulipiga kelele, "Usiachie! Kage, usiachie!" Siku moja Mama Zainabu alimwaga maziwa kwa sababu ya kelele hiyo, na akatununia wiki nzima.

Basi leo, baada ya swala ya adhuhuri, nilifunga mlango, nikafunua leso, nikaifungua safari yako.

Kitu cha kwanza nilichoangalia ni mafuta, kama ulivyonifundisha. Mshale ulikuwa umeshapita alama ya kurudi. Umepita mbali! Nilitukana kwa sauti, Guyo. Wewe ambaye uliwahi kuninunia siku nzima kwa kupitisha alama hiyo kidogo tu, uliniachia ndege yenye mafuta ya kushuka mara moja, bila nafasi ya kujaribu tena. Nikafungua ramani kwenye goti la rubani nione ulikuwa unafanya nini. Mstari wako ulikuwa umetoka vitani na kwenda moja kwa moja hadi karibu na meli. Ulikuwa umefika. Halafu mstari unapinda na kurudi nyuma, baharini, kule kule ulikotoka.

Nikageuza kichwa kulia. Kulikuwa na ndege ubavuni pangu, bawa limechanika, moshi mwembamba ukivuja. Ilikuwa ikiendeshwa na kompyuta, haina mtu ndani. Ubavuni imeandikwa KAGE.

Siku zote nilijiuliza kwa nini ulisema umeacha watu, ilhali ulikuwa unaruka peke yako. Uliirudia, Guyo. Ulikuwa umeshafika nyumbani, ukachoma mafuta yako kurudi kuichukua mashine kwa sababu tu ina jina langu. Mjinga wewe. Mjinga kabisa. Nilitaka kusimamisha mchezo nilie, lakini kusimamisha tulikataza, na mafuta yalikuwa yakiisha huku nikiangalia.

Hapo kengele ya rada ikalia. Kuna adui nyuma alikuwa anatutafuta. Kumpa ubavu kungenipeleka mbali na meli. Kubaki juu ni kuonekana. Kushuka chini ni kujificha, lakini huko injini hula mafuta kwa pupa. Nikachagua chini. Nikazima rada, nikashuka mpaka mawimbi yakaonekana moja moja, mimi ambaye maji mengi niliyowahi kuona ni mto Ewaso ukifurika. KAGE akanifuata kwa kuyumba. Kengele ikalia, ikalia, halafu ikanyamaza.

Meli ikatokea ikiwa ndogo kama kiberiti. Sasa ikaja ile ya kuumiza. Unaikumbuka kanuni: ndege iliyoharibika inashuka mwisho, maana ikianguka kwenye sitaha itawafungia njia wengine. Kwa hiyo wewe ndiwe uliyepaswa kutangulia, na KAGE asubiri juu. Sikuipenda. Lakini hatukuwahi kuvunja kanuni kwa sababu hatuzipendi, na sikuona sababu ya kuanza leo. Nikamwacha akizunguka, nikaja.

Magurudumu chini. Kulabu chini. Ile taa ya kushoto mwa sitaha, ya kukuonyesha kama uko juu au chini mno, ikawa inapanda na kushuka machoni pangu. Sitaha inateleza kulia, nami naifuata, kidogo kidogo, bila kuangalia meli, taa tu, taa tu. Hapo hapo mtu akabisha mlango kwa nguvu. "Madam! Ni kopi moja tu ya kitambulisho!" Akabisha tena. "Madam, naona uko!" Mshale wa mafuta ulikuwa umelala. Taa ikashuka, nikaongeza moto, ikapanda, nikapunguza.

Kisha ndege ikagonga sitaha. Na kiganja changu, Guyo, nilikihisi kikianza kufunguka.

Nilikaza. Nilisokota mkono ule mpaka mwisho, meno yameumana, nikikusikia ukipiga kelele kana kwamba uko nyuma ya kiti. Ndege ikavutwa, ikatetemeka, ikasimama. Kulabu ilikuwa imeshika waya. Umefika.

Lakini sikuweza kuachia. Yule mtu wa sitahani mwenye fulana ya njano alinipungia nipunguze moto, akapunga tena, na injini yako ikaendelea kunguruma ikishindana na waya. Ulinifundisha muda wote nisiachie, na hukunifundisha kwamba iko saa ya kuachia. Sikukuona ukiteremshwa kaburini. Sikutupa hata konzi ya udongo. Kiganja changu kilikuwa ndicho kitu pekee kilichobaki kimekushika.

Niliachia. Springi ikarudi, injini ikatulia, nami nikalia kama nilivyopaswa kulia Chechelesi siku ile nikiwa na mfuko wa wino.

Taarifa haijaisha. Nilijifuta macho nikageuka kumtafuta KAGE. Alikuwa anakuja, bawa limeinama, anapepesuka, moshi nyuma yake. Nikamwona akikaribia sitaha. Nikasema kwa sauti, usiachie.

Stima ikapotea.

Betri ya chini ya meza sasa imezeeka. Ililia mara moja tu, ikazima. Kioo kikawa cheusi, nikajiona mwenyewe humo, macho mekundu, leso shingoni. Hakuna kilichohifadhiwa, na kumbukumbu yako ilishafutika nilipoifungua. Sitajua kamwe kama yule mwenye jina langu alishuka. Mtu wa kitambulisho huko nje akasema, "Ah, basi, stima imeenda," akaondoka. Nikaanza kucheka. Nimecheka na kulia pamoja mpaka Mama Zainabu akaja dirishani kuangalia kama nimepatwa na kichaa.

Hiyo ndiyo taarifa yangu. Hakuna visingizio isipokuwa stima, nayo inasamehewa.

Halkano akija nitamkabidhi kompyuta na leso yake. Mkono wa mafuta hautaki, haumfai kitu kwenye dawa za ng'ombe. Huo ninabaki nao, hapa mezani, na grisi yako ndani yake sitaifuta.

Nakuaga sasa, rafiki yangu, kwa sababu siku ile sikupewa nafasi. Pumzika. Umeshuka vizuri, na mtu wako alikuwa nawe mpaka waya ulipokushika. Nakuahidi kwamba mama yako hatakaa peke yake siku ya Ijumaa mradi niko hai na nina miguu. Chai yake nitainywa hata akizidisha chumvi, kama anavyofanya kila siku akidhani sijui.

Halkano akishaondoka nakwenda Chechelesi kwa mama yako. Ataniuliza kabla sijavua viatu. Nitamwambia, "Ndiyo, mama. Amefika." Na akiniuliza mimi je, nitamwambia ukweli: mimi bado niko hewani, na mafuta ninayo.

Kage wako