Udongo wa Nyuma ya Jiko

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje tangu masika? Mimi mzima, ila upepo wa huku Choma umenikausha midomo, na kiatu kimoja kimeanza kucheka.

Umeniandikia nirudi Mtendeni, eti napoteza ujana kwa watu wasio wangu. Soma kwanza, ndipo ugombe.

Kijijini wamehamia watu wa kila upande, na kila mtu anamkwepa jirani. Mwenyekiti akanipa mimi, Bibi Maendeleo wao, ghala la pamba lililo tupu, niwakutanishe humo: asubuhi kisomo, mchana wafinyanzi, jioni ngoma. Nikatundika majamvi kwenye kamba. Nikiyasogeza, vyumba vinakuwa ukumbi. Akaniambia, "Wasipokuja, bibie, pamba ikiingia usiniombe tena."

Nikapaka kuta chokaa, nyeupe pee. Kumbe nimejiharibia! Watu wakadhani ni zahanati. Watoto wakiuona mlango tu wanashika makalio, wanaogopa sindano. Nilicheka, kisha nikalia.

Nikamsihi jirani yangu Mama Kabula, mfinyanzi, aingie. Akaishia mlangoni. "Siringi, mwanangu. Nyumba hii hainijui."

"Ile ya zamani ilikujuaje?"

"Niliipaka kwa mikono yangu, udongo wa pale pale."

Basi nikapita nyumba hadi nyumba: kila mtu aende kwenye mahame yake, kule alikobomoa akahama, alete udongo apake kipande chake cha ukuta. Wengine walininunia. Mama Kabula akaenda, akarudi na furushi la udongo mwekundu, akachora ng'ombe. Kesho yake jirani asiyemsalimia akaja na udongo mweusi, akamchorea ng'ombe yule mchungaji. Wakacheka pamoja! Siku hizi jioni ngoma haina pa kukanyaga. Mwenyekiti naye kaleta udongo wake, na pamba amesema itakaa upande mmoja, nyuma ya majamvi.

Jana Mama Kabula akanionyesha kipande kilichobaki cheupe karibu na mlango. "Na wewe? Au mpita njia, kama wapagazi wa misafara ya zamani?"

Sirudi, Mama. Nakukumbuka mpaka kifua kinauma, lakini sirudi.

Nisalimie Baba Mdogo na cherehani yake. Shangazi muuza vitumbua mwambie yule mchumba aliyenitafutia asiningoje.

Nina ombi moja. Nyuma ya jiko, pale ulipozika kitovu changu, chota udongo, ufunge kwenye kitambaa. Usimpe dereva wa basi. Ulete mwenyewe, upake wewe.

Mwanao asiyepotea,
Zuhura